Hitilafu Zinazojulikana Ziwe Sehemu ya Somo: Mafunzo Kutoka Programu za Kudhibiti Matoleo

Utangulizi

Mwalimu wa kilimo hamkabidhi mwanafunzi jembe bila ya kumwonyesha mahali mpini ulipoanza kupasuka. Mwalimu wa maabara, ikiwa mizani yake huzidisha gramu mbili, hulitaja jambo hilo kabla ya kazi kuanza, na wanafunzi huliandika juu ya ukurasa wa daftari zao. Hakuna anayeona kwamba kwa kufanya hivyo mwalimu ameidharau mizani au amelitukana jembe. Twaona tu kwamba amefundisha vizuri.

Katika ufundishaji wa kompyuta, desturi imekuwa kinyume cha hayo. Programu huletwa darasani kama kitu kisicho na ila. Linapotokea lisilotarajiwa, neno la kwanza la mwalimu huwa, “Umekosea wapi?” Mwanafunzi naye, kwa adabu na kwa kutojua, hukubali kwamba amekosea, hata kama hakukosea. Hapo huwa amejifunza mambo mawili mabaya kwa pamoja: kwamba chombo hakina kasoro, na kwamba kasoro ni ya kufichwa.

Makusudio ya makala hii ni kuipinga desturi hiyo. Hoja yetu ni moja: hitilafu zinazojulikana za chombo chochote cha kazi ni sehemu ya somo la chombo hicho, na kuandika taarifa ya hitilafu ni zoezi linalostahili kufundishwa na kutahiniwa kama zoezi jingine lolote. Tumechagua kuieleza hoja hii kwa programu za kudhibiti matoleo, kwa sababu mbili. Kwanza, hitilafu za programu hizo zimeandikwa waziwazi kwa miaka mingi, na kila mwalimu anaweza kuzifuatilia. Pili, hapa Kizimbani, kwenye shughuli za kilimo na utafiti wake, kumbukumbu ikipotea huwa umepotea msimu mzima. Muhogo hukaa ardhini miezi tisa hadi mwaka, na hauwezi kuombwa urejee nyuma ili upimwe upya.

Kazi ya programu hizi

Msomaji asiyezijua programu hizi bila shaka anaijua shida iliyozizaa. Mwanafunzi huandika ripoti na kuiita “ripoti”. Kesho yake huandika nyingine akaiita “ripoti mpya”, kisha “ripoti ya mwisho”, kisha “ripoti ya mwisho kabisa”. Baada ya mwezi hajui ipi ni ipi, wala hakumbuki kwa nini takwimu za jedwali la tatu zilibadilishwa. Wakiwa wawili wanaoandika kazi moja, shida huwa maradufu.

Programu ya kudhibiti matoleo huiondoa shida hiyo kwa kutunza ghala moja la kazi. Kila mabadiliko yanayoandikishwa ghalani huwekewa jina la aliyeyafanya, tarehe, na maelezo mafupi ya sababu. Toleo la zamani halifutwi. Linaweza kutazamwa au kurudishwa wakati wowote. Kwa ufupi, ni daftari la kumbukumbu ambalo kurasa zake hazichaniki.

Ya mwanzo iliyopata umaarufu, SCCS, ilitungwa na Marc Rochkind katika maabara za Bell, Marekani, mwaka wa 1972. Mwaka wa 1982 Walter Tichy wa Chuo Kikuu cha Purdue alitoa RCS. Mwaka wa 1986 Dick Grune, huko Amsterdam, alitoa CVS. Subversion ilianza kutengenezwa mwaka wa 2000. Mwaka wa 2005 Linus Torvalds, mzaliwa wa Finland, alianzisha Git, ambayo ndiyo inayotumika zaidi leo.

Yafaa mwalimu aisome orodha hii kwa jicho la kazi yake. RCS ilishughulikia faili moja moja, na aliyekuwa akilibadilisha alilifunga mpaka amalize, wenzake walingoja. Watu walilalamika, ikaja CVS, iliyoruhusu wengi kufanya kazi kwa wakati mmoja. Lakini CVS nayo ilikuwa na kasoro zilizojulikana na kila mtumiaji. Mawasiliano yakikatika wakati wa kuandikisha mafaili kumi, huenda manne yakaingia na sita yakabaki nje, na ghala likawa na kazi nusunusu. Aidha, faili likibadilishwa jina, historia yake haikulifuata. Watu walilalamika, ikaja Subversion, ambayo huingiza mabadiliko yote au haiingizi hata moja. Nayo Subversion ilimtaka mtumiaji awe na mawasiliano na ghala kuu kila anapotaka kuandikisha. Git humpa kila mtu ghala zima katika kompyuta yake, akaweza kuandikisha hata pale ambapo hakuna mtandao.

Ni dhahiri basi kwamba maendeleo ya programu hizi yalitokana kwa sehemu kubwa na malalamiko yaliyoandikwa vizuri na kusikilizwa. Lau watumiaji wa CVS wangalijiona wao ndio wakosaji kila kazi ilipoingia nusu, huenda kasoro ile ingalidumu zaidi. Mwanafunzi anayefundishwa kuwa chombo hakikosei huwa amefungiwa mlango wa kushiriki katika kukitengeneza.

Aina tatu za matatizo

Si kila tatizo analoliona mwanafunzi ni hitilafu ya programu. Hapa ndipo kazi ya mwalimu ilipo, na hapa ndipo wengi wetu tunapopita haraka. Twapendekeza mwanafunzi azoezwe kuyagawa matatizo katika mafungu matatu kabla hajamlaumu yeyote.

Fungu la kwanza ni kosa la mtumiaji. Mwanafunzi amesahau kuandikisha kazi yake, kisha akaifuta. Programu haikuahidi kutunza kitu ambacho haikukabidhiwa. Hapa hakuna la kulalamikia ila usahaulifu.

Fungu la pili ni tabia iliyokusudiwa na watengenezaji, lakini inayomshangaza mtumiaji. Mathalani, Git haitunzi folda tupu. Mwanafunzi akitayarisha folda za mashamba manne ya majaribio, na moja bado halina faili ndani yake, mwenzake atakayechukua nakala ataziona tatu tu. Hakuna kilichoharibika, Git hutunza mafaili, si folda. Kadhalika, mafaili ya programu za uandishi kama vile Word hutunzwa, lakini Git haiwezi yenyewe kuonyesha mstari uliobadilika ndani yake wala kuunganisha kazi za watu wawili, kwa kuwa haiyaoni kama maandishi ya kawaida. Wanafunzi wengi hukata tamaa hapa, kwa sababu waliahidiwa muujiza bila ya kuelezwa mipaka yake.

Katika fungu hili yafaa pia tuutaje mgongano. Watu wawili wakiubadilisha mstari mmoja kwa namna mbili tofauti, programu husimama, huweka alama mahali penye tofauti, na huwataka waamue wenyewe. Mwanafunzi mgeni huogopa alama hizo, akadhani kazi imeharibika. Kwa kweli programu imefanya jambo la uaminifu mkubwa: imekataa kuchagua baina ya maneno ya watu wawili bila ya wao kujua. Mwalimu anayeueleza mgongano kuwa “kosa” humfundisha mwanafunzi kuichukia sehemu bora kabisa ya chombo.

Fungu la tatu ni hitilafu halisi, yaani programu kufanya kinyume cha ilivyoahidi. Kwa fungu hili twatoa mifano miwili ambayo ni mizuri kwa darasa.

Mnamo Disemba 2014 ilitangazwa hitilafu kubwa iliyohusu herufi. Git huweka mambo yake ya ndani katika folda iitwayo “.git”, na hairuhusu kazi ya mtu mwingine iandike humo. Lakini ilikuwa haiikatai folda iliyoandikwa kwa herufi kubwa, “.GIT”. Katika Linux hayo ni majina mawili tofauti. Katika Windows, na aghalabu katika kompyuta za Apple, ni jina moja. Kwa hiyo mtu mwenye nia mbaya aliweza kutayarisha ghala ambalo, likichukuliwa na mwenye Windows, liliandika ndani ya folda iliyokatazwa na kuifanya kompyuta itekeleze amri zake. Matoleo yaliyorekebishwa yalitolewa tarehe 18 Disemba 2014. La kuzingatiwa na mwalimu ni kwamba walioifikisha hitilafu hiyo kwa watengenezaji wa Git walikuwa watu wa Mercurial, programu nyingine inayoshindana nayo. Kwao, kasoro ya chombo cha jirani haikuwa jambo la kushangiliwa. Ilikuwa hatari ya kutolewa taarifa.

Mfano wa pili ni wa Februari 2017. Programu nyingi hulitambua faili kwa alama inayokokotolewa kutokana na yaliyomo ndani yake, mfano wa alama ya kidole. Njia moja ya kuikokotoa huitwa SHA-1. Watafiti wa taasisi ya CWI ya Amsterdam na wa Google walitoa hadharani nyaraka mbili tofauti zenye alama moja. Baada ya muda mfupi nyaraka hizo ziliwekwa katika ghala la Subversion la mradi wa WebKit, kwa nia njema ya kupima usalama, na ghala lenyewe likakwama, kwa kuwa Subversion ilizidhania nyaraka mbili kuwa moja. Mnamo Mei mwaka huo huo Git ilitoa toleo lenye uwezo wa kuzigundua nyaraka za namna hiyo. Darasa likiisikia habari hii litaelewa kwamba hata kipimo kina hatari zake, na kwamba hakipimwi kitu kwa mara ya kwanza juu ya ghala ambalo watu wanalitegemea.

Matatizo yanayotuhusu zaidi hapa Unguja

Yapo matatizo ambayo mwandishi wa kitabu aliye mbali na hapa huyagusa kwa sentensi moja, lakini kwetu ndiyo ya kila siku. Mwalimu anayekifuata kitabu neno kwa neno hatayapa nafasi yake.

La kwanza ni mtandao unaokatika. Git, inapochukua ghala zima kwa mara ya kwanza, haina njia ya kuendelea kutoka pale ilipokatikia. Mwanafunzi aliyefika tisa kwa kumi ya safari, mtandao ukikatika, huanza tena mwanzo, na fedha aliyonunulia kifurushi huwa imekwenda. Watumiaji wamelilalamikia jambo hili kwa miaka mingi. Ziko njia za kulizunguka, nazo zapaswa kufundishwa katika somo la kwanza: kuchukua historia ya karibuni tu badala ya yote, au mwalimu kulichukua ghala mara moja, kulifunga katika faili moja, na kuwagawia wanafunzi kwa flashi. Baada ya hapo huhitaji mabadiliko mapya tu, ambayo ni mepesi.

La pili ni umeme. Wakazi wa Unguja hawahitaji kukumbushwa mwaka wa 2008, kisiwa kilipokosa umeme kwa kiasi cha mwezi mmoja, wala kipindi cha kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, ambapo giza lilidumu kwa kiasi cha miezi mitatu. Waya mpya wa chini ya bahari ulianza kazi mwaka wa 2013. Hata hivyo, haihitajiki miezi mitatu ya giza kuharibu kazi. Sekunde moja yatosha. Watumiaji wengi wa Git, katika nchi mbalimbali, wameripoti kwamba kompyuta ikizimika ghafla wakati wa kuandikisha, baadhi ya mafaili ya ndani ya ghala hukutwa matupu, na programu hukataa kuendelea. Sababu yake ni kwamba kompyuta hukiri kuwa imeandika kabla maandishi hayajafika kwenye diski. Toleo la 2.36, lililotoka Aprili 2022, liliongeza mipangilio ya kumwezesha mtumiaji kuamuru kwamba maandishi yafike diskini kwanza. Kinga iliyo bora zaidi ni ya kale: nakala ya kazi iwe mahali zaidi ya pamoja, na iandikishwe mara kwa mara.

La tatu ni mchanganyiko wa kompyuta. Katika darasa moja aghalabu hukutana Windows na Linux, mashine mpya na kuukuu. Mchanganyiko huo huzaa matatizo mawili. Moja ni la mwisho wa mstari. Linux huuonyesha mwisho wa mstari kwa alama moja, na Windows kwa alama mbili, desturi iliyorithiwa kutoka mashine za kupiga chapa, ambazo zilirudisha gari kisha zikasukuma karatasi. Mwanafunzi hubadilisha neno moja, lakini programu humwambia kwamba mistari yote mia tatu imebadilika. Hajafanya kosa lolote. Ni kihariri chake kilichobadilisha alama zisizoonekana. Mpangilio mmoja ukiwekwa katika ghala lenyewe tangu siku ya kwanza, shida hii huisha.

Jingine ni lile la herufi kubwa na ndogo. Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili wanaotunza takwimu za muhogo. Mmoja, mwenye Linux, ana faili “Shamba” lenye vipimo vya Machi na jingine “shamba” lenye vipimo vya Aprili. Mwenzake mwenye Windows akilichukua ghala hilo, yote mawili hugombea nafasi moja, na huona moja tu. Git za miaka ya karibuni humwonya kwa Kiingereza, lakini onyo hupita haraka kwenye kioo. Asipolisoma, akaandikisha kila kitu, vipimo vya mwezi mmoja vinaweza kuandikwa juu ya vya mwezi mwingine. Siku ya kuwasilisha kazi, jedwali linaonyesha kwamba muhogo haukukua hata kidogo baina ya Machi na Aprili. Mwalimu asiyeijua tabia hii atamwambia mwanafunzi kwamba amebuni takwimu, na hiyo ni tuhuma nzito. Mwalimu anayeijua atafungua historia ya ghala na kuvitoa vipimo vya kweli, kwa maana vimo humo, havikufutika. Basi suala la hitilafu zinazojulikana si suala la ufundi peke yake. Ni suala la haki kwa mwanafunzi.

Kufundisha kuripoti

Mwanafunzi wetu akikwama, taarifa yake huwa ni neno moja: “Imekataa.” Kompyuta imekataa, programu imekataa, mtandao umekataa. Neno hili limekuwa ngao ya uvivu wa kutazama. Haliwezi kumsaidia mwalimu, wala mtengenezaji wa programu, wala mwanafunzi mwenyewe.

Tangu mwaka wa 2020, katika toleo la 2.27, Git imekuwa na amri ya kumsaidia mtumiaji kuandika taarifa ya hitilafu. Amri hiyo humwekea maswali machache ambayo kwa muhtasari ni haya: ulifanya nini kabla ya tatizo kutokea, ulitarajia nini, kilitokea nini, na tofauti ya hayo mawili ni ipi. Kisha huongeza yenyewe namba ya toleo la programu na aina ya kompyuta.

Twawaomba walimu wenzetu wayatazame maswali hayo vizuri. Hayo ni maswali ya sayansi yote: hatua, matarajio, matokeo, tofauti. Mkulima akija kwa bwana shamba na kusema “muhogo umeharibika,” hajasema kitu. Akisema kwamba alipanda mbegu fulani, mwezi fulani, majani yalionekana mazima, lakini alipong’oa alikuta mizizi ina uozo mkavu wa rangi ya kahawia, hapo amesema jambo la kufanyiwa kazi. Maradhi ya michirizi ya kahawia, yaliyoelezwa kitaalamu na H. H. Storey huko Amani mwaka wa 1936, ni ya namna hiyo hasa: yanaweza kujificha juu na kuharibu chini, na husafiri ndani ya vipando ambavyo mtu hupewa na jirani yake kwa wema. Mwaka wa 2007 zilitolewa Zanzibar mbegu nne za muhogo zenye kuyahimili zaidi maradhi, na moja ya hizo ikaitwa Kizimbani. Mbegu kama hizo hazipatikani ila kwa watu kutazama shamba kwa shamba na kuandika walichokiona, si walichokidhani. Mwanafunzi wa kilimo anayeandika taarifa nzuri ya hitilafu ya programu anajizoeza kazi hiyo hiyo.

Taarifa nzuri haihitaji maneno mengi. Kwa mfano: “Nina Windows 10 na Git 2.30. Nilichukua ghala la darasa. Nilitarajia kuona mafaili mawili, ‘Shamba’ na ‘shamba’. Nimeona moja tu. Nimejaribu mara tatu, matokeo ni yale yale. Mwenzangu mwenye Linux anaona yote mawili.” Katika sentensi ya mwisho jibu limekwisha kuonekana. Aghalabu ndivyo iwavyo: anayeandika taarifa kwa uangalifu huligundua tatizo kabla ya kumaliza kuandika.

Hoja za wanaopinga

Wapo walimu wanaosema kwamba kuanza na kasoro humvunja moyo mwanafunzi, akakosa imani na chombo. Sisi twaona kinyume. Imani inayotokana na kutojua huvunjika siku ya kwanza ya matatizo, tena huvunjika kabisa. Baharia hapotezi imani na chombo chake kwa kuonyeshwa mahali kinapovuja. Huchukua kata na kukumba maji kwa wakati wake.

Wengine huhofia kwamba mwanafunzi mvivu atapata kisingizio, na kila atakapokosa kuleta kazi atasema “ni hitilafu ya programu.” Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni taarifa yenyewe. Anayedai hitilafu na aandike hatua, matarajio, matokeo na tofauti. Kisha mwenzake azifuate hatua hizo mbele ya darasa. Hitilafu ya kweli aghalabu hujirudia kwa yeyote azifuataye. Zipo chache, kama ile ya umeme, ambazo hazijirudii kwa urahisi, lakini hata hizo huacha alama ghalani zinazoweza kukaguliwa. Kisingizio hakiachi alama. Tena mgawanyo wetu wa mafungu matatu unaanza na kosa la mtumiaji, na mwanafunzi hutakiwa kujikagua kwanza.

Hoja ya tatu ni ya lugha. Maonyo ya programu huwafikia wanafunzi wetu kwa Kiingereza, na taarifa za hitilafu kwa watengenezaji huandikwa kwa Kiingereza. Ni kweli, na kwa mwanafunzi ambaye Kiingereza chake ni chepesi mzigo huwa mara mbili: hajui kilichotokea, wala haelewi anachoambiwa. Lakini jambo hili latutaka tuanze kwa Kiswahili, si tuache. Kutazama na kupanga mawazo ni kazi ya lugha ambayo mtu anafikiri kwayo. Taarifa ikiandikwa kwanza kwa Kiswahili safi, kuigeuza Kiingereza ni kazi ya dakika chache, na mwalimu wa lugha anaweza kushirikishwa. Ikianzwa kwa Kiingereza kibovu, hubaki vile vile: imekataa.

Ya nne ni ya muda. Tunajibu kwamba muda huo unatumika hata sasa, ila unatumika katika kulaumiana.

Mapendekezo

Kwa kuyazingatia hayo, twapendekeza yafuatayo kwa vyuo vya ualimu na kwa walimu wa kompyuta katika skuli.

1. Kila somo la programu liwe na kipindi kimoja cha hitilafu zinazojulikana, kabla ya zoezi kubwa la kwanza. Mwalimu achague zile zinazolihusu darasa lake na kompyuta zake, asinakili orodha ndefu ya kitabuni.

2. Darasa liwe na daftari la hitilafu, la karatasi. Kila taarifa iandikwe tarehe, namba ya toleo, aina ya kompyuta, na majibu ya maswali manne. Daftari libaki chuoni wanafunzi wanapohitimu, ili darasa linalofuata lisianze upya.

3. Namba ya toleo isisahauliwe kamwe. Hitilafu hurekebishwa, na onyo lililokuwa kweli mwaka wa 2014 laweza kuwa uzushi leo. Kila mwaka mwalimu na wanafunzi wake walipitie daftari, wajaribu kila hitilafu upya, na waweke alama zile zilizokwisha.

4. Liwepo zoezi la kuizalisha hitilafu kwa makusudi, katika ghala la mazoezi peke yake: mafaili mawili yanayotofautiana kwa herufi moja kubwa, folda tupu, mwisho wa mistari uliochanganyika. Mwanafunzi aliyeiona hitilafu akiwa salama haishangai akiwa katika kazi.

5. Taarifa ya hitilafu ipewe alama za mtihani. Mwanafunzi aliyekwama lakini akaeleza kwa usahihi alipokwamia na sababu yake amejifunza zaidi ya yule ambaye kila kitu kilimwendea vyema naye hajui kwa nini.

6. Mwalimu asimhukumu mwanafunzi kwa kazi iliyopotea au takwimu zilizochanganyika kabla ya kuitazama historia ya ghala pamoja naye.

Hitimisho

Hatujasema kwamba programu za kudhibiti matoleo ni mbovu. Ni miongoni mwa zana bora za kutunza kazi ya akili, na tungependa kila mwanafunzi wa ualimu na wa kilimo azijue. Tumesema kwamba ubora wake umepatikana kwa sababu watumiaji wake hawakuyaficha matatizo waliyoyaona, nao watengenezaji wake hawakuona haya kuyaandika. Desturi hiyo ya kuandika ina thamani hata baada ya programu yenyewe kupitwa na wakati, kama zilivyopitwa zilizotangulia. Kijana atakayetoka chuoni akiwa anajua kusema, “Nilifanya hivi, nilitarajia hivi, kimetokea hiki,” atafaa shambani, maabarani, hospitalini na ofisini. Nasi walimu ndio wa kuanza, kwa kuliweka swali la “Kimetokea nini?” mbele ya lile la “Umekosea wapi?”